Kikulacho Hakimo Nguoni: Kesi ya Wingu Dogo

Mwishoni mwa Oktoba 2018 vyombo vya habari vilitangaza kwamba wataalamu wa falaki wa Australia wameshuhudia galaksi jirani ikifa polepole. Marehemu mtarajiwa alikuwa Wingu Dogo la Magellan. Na muuaji? Nyota zake mwenyewe. Kila nyota kubwa inapolipuka, tukaambiwa, inasukuma gesi nje ya galaksi. Gesi ikishakwisha hapazaliwi nyota mpya, na galaksi inabaki na wazee watupu wanaongoja kuzimika. Tangu hapo maneno haya yanarudiwa redioni, darasani na kwenye video za simu bila kuulizwa swali: galaksi ndogo hujimaliza zenyewe. Kwetu Waswahili ilikuwa rahisi zaidi kuyakubali, maana methali ilikuwa tayari inangoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nasema methali hiyo imepelekwa kusiko kwake. Kinachokula gesi ya Wingu Dogo hakimo nguoni. Kiko nje, kina nguvu kuliko yeye, na kina jina.

Mtu wa Rumonge, mji wa Burundi ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ana haki ya pekee ya kuisikiliza kesi hii, kwa sababu marehemu mtarajiwa anaonekana kutoka mlangoni kwake. Mji upo digrii 4 hivi kusini mwa ikweta, na kutoka hapo Ziwa Tanganyika linashuka kusini hadi Zambia. Katikati ya Januari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, Wingu Kubwa la Magellan hufika kimo chake cha juu kabisa, digrii 24 hivi juu ya maji, na Wingu Dogo huwa chini zaidi, mkono wa kulia. Anayetaka kuliona Wingu Dogo likiwa juu angoje Novemba, saa tatu na ushei, mvua ikimruhusu. Mwezi wa Agosti yote mawili yapo juu alfajiri, ingawa moshi wa mioto ya nyika huyachafua. Mwanafunzi wa Paris au Brussels, ambako vitabu vingi vya shule za Burundi vimechota, hawezi kuyaona mpaka apande ndege.

Tena Mawingu haya yanataka usiku ule ule wanaoutaka wavuvi. Uvuvi wa ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, ni kazi ya giza. Mitumbwi hufungwa pamoja kwa miti, wavu mpana hushushwa chini, taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi balbu za LED zenye betri, kisha watu hungoja samaki wajae mwangani ndipo wavu uvutwe. Mwezi ukiwa mpevu taa hukosa nguvu, ndagala hutawanyika, na wavuvi hulala kwao. Vyombo vikubwa vya uvuvi huu Warundi huviita apollo, jina lile lile la vyombo vya Wamarekani vilivyotua mwezini, ingawa hakuna chombo kinachouchukia mwezi kama hiki. Basi katika saa hizo za kungoja, anayegeuka kusini na kuipa kisogo taa yake huviona vipande viwili vyeupe visivyopeperuka na upepo. Cha kwanza, Wingu Kubwa, kiko umbali wa miaka ya nuru takriban 160,000, cha pili, Wingu Dogo, 200,000. Ni galaksi, ndogo mbele ya Njia Nyeupe yetu, lakini galaksi kamili zenye nyota, gesi na vumbi lake.

Wenye hoja ile ya galaksi kujimaliza niwape haki yao, maana haikutungwa na waandishi wa habari. Mwaka 1986 Avishai Dekel na Joseph Silk walipiga hesabu wakaonyesha kwamba galaksi yenye mvutano hafifu, kiasi kwamba vitu vyake huzunguka kwa mwendo usiofika kilomita 100 hivi kwa sekunde, inaweza kupoteza sehemu kubwa ya gesi yake kwa nguvu za supanova, yaani nyota zinazolipuka. Hesabu ilikuwa safi, na ilionekana kufumbua fumbo la kweli: kwa nini galaksi kibete nyingi zinazoizunguka Njia Nyeupe, kama Draco na Sculptor, ni kavu kabisa, hazina gesi ya kuzalia nyota. Kosa limekuja baadaye. Ile "inaweza" ya mwaka 1986 imegeuzwa "lazima", na hakuna aliyetangaza siku ya mageuzi.

Wingu Dogo lenyewe liko chini ya mpaka huo wa kilomita 100. Limezaa nyota na kuzilipua kwa mabilioni ya miaka. Kama hukumu ingekuwa sahihi lingekuwa jangwa zamani. Lakini hidrojeni yake peke yake ina uzito wa jua zipatazo milioni 400, karibu sawa na uzito wa nyota zake zote kwa pamoja. Huyo si mtu anayekata roho.

Tuutazame mlipuko wenyewe, kwa kuwa tunao mmoja uliopimwa kuliko mwingine wowote. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton na Oscar Duhalde, wakiwa katika kituo cha Las Campanas nchini Chile, waligundua kwamba nyota ya Wingu Kubwa iliyoitwa Sanduleak -69 202 imelipuka. Tangu mwaka 1604 haikuwa imeonekana supanova yenye kung'aa namna ile. Machi yote, mapema usiku, ilikuwa juu ya upeo wa kusini wa ziwa, ikionekana kwa macho matupu na yeyote aliyejua pa kutazama.

Ila nguvu ya mlipuko ule iligawanywa kwa namna isiyowafurahisha wapenda milipuko. Sehemu 99 kwa 100 ilichukuliwa na nutrino, chembe zinazopenya gesi, nyota na sayari bila hata kuzigusa. Zilifika duniani kabla ya mwanga, asubuhi ya tarehe 23, saa tatu na dakika 35 kwa saa za Burundi. Mitambo ya Japani, Marekani na Muungano wa Kisovieti ilinasa chembe zisizofika 30. Nyingine zisizohesabika zilipita katika miili ya watu wote waliokuwa sokoni Rumonge wakinunua mawese na samaki wa mukeke, na hakuna aliyehisi kitu. Ile sehemu moja iliyobaki ndiyo iliyopewa kazi ya kusukuma gesi. Zaidi ya miaka 30 baadaye, darubini za Hubble na James Webb zinaonyesha mabaki ya nyota ile bado yanapambana na pete ya gesi ambayo upana wake unazidi kidogo tu mwaka mmoja wa nuru. Galaksi yenyewe ina upana wa maelfu ya miaka ya nuru.

Watanijibu kwamba hakuna aliyedai mlipuko mmoja unatosha. Kweli. Nyota kubwa huzaliwa kwa makundi, na kwa kuwa zinaishi miaka milioni chache tu, hulipuka karibu karibu, mahali pamoja, kila moja ikiongeza povu lililoachwa na mwenzake. Hivyo ndivyo yanavyopatikana mapovu makubwa ya gesi ya moto yenye kingo za hidrojeni baridi. Wingu Kubwa linayo kadhaa. Kubwa kupita yote, liitwalo LMC 4, lina upana wa zaidi ya miaka ya nuru 3,000. Sasa tazama kingoni mwa povu hilo: kumejaa nyota changa. Gesi iliyosukumwa ni gesi iliyobanwa, na gesi iliyobanwa huzaa. Nguvu ile ile inayoshtakiwa kwa mauaji inakutwa leba, wodi ya wazazi, na washitaki wanaipita kimya kimya.

Povu likipasuka juu ya bapa la galaksi, gesi hupanda. Hapa ndipo hoja yote iliposimama, na hapa ndipo ilipoteleza, kwa sababu kupanda si kuondoka. Ziwa Tanganyika hupoteza maji mengi kwa mvuke kuliko kwa mto Lukuga, mlango wake pekee wa kutokea. Anayeutazama mvuke peke yake ataapa kwamba ziwa linakauka. Lakini katika miaka hii hii ziwa limepanda, likawahamisha watu wa Gatumba, likaingia ndani ya nyumba za ufukweni Rumonge. Bila kuhesabu kinachoingia na kinachorudi, anayepima kinachotoka hajapima kitu.

Waliokwenda kuhesabu kinachorudi kwenye galaksi walikuta nini? Mwaka 1999 Mordecai-Mark Mac Low na Andrea Ferrara waliiga milipuko hii kwa kompyuta wakakuta kwamba gesi hutolewa yote katika vijigalaksi vidogo mno tu, vya gesi ya uzito wa jua milioni moja hivi au pungufu. Galaksi kubwa kuliko hapo hutikiswa na kutobolewa, halafu gesi yao nyingi hubaki. Mwaka 2023 kundi la Antonino Marasco lilitoa vipimo vya galaksi kibete 19 zilizo jirani, zote zikiwa katika msimu wa kuzaa nyota kwa fujo, likitumia chombo cha MUSE kilichofungwa kwenye darubini kubwa ya Chile. Lilikuta kwamba gesi yenye mwendo wa kutosha kutoroka ni kidogo mno. Wapo waliopima kwa njia nyingine wakapata upepo, yaani gesi inayotimuliwa, mkali zaidi, na ubishi huo haujaisha. Lakini jambo ambalo wapimaji wenyewe bado wanabishana halifai kufundishwa kama sheria ya maumbile.

Nirudi kwenye makala ya 2018, maana ndiyo iliyozaa vichwa vya habari, na wengi wanaoitaja hawakuisoma. Naomi McClure-Griffiths na wenzake walitumia darubini ya redio ya ASKAP, magharibi mwa Australia, wakaona hidrojeni baridi ikiwa imetoka kwenye mwili wa Wingu Dogo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 6,000. Uzito wake ni jua milioni 10 hivi. Ilianza safari miaka milioni 25 hadi 60 iliyopita. Kwa mwaka hutoka gesi ya uzito wa kati ya sehemu mbili za kumi za jua na jua moja zima, kiasi ambacho kinaweza kuwa mara kumi ya kile kinachogeuzwa nyota. Takwimu nzito, sikatai. Ila jua milioni 10 ni asilimia 3 hivi tu ya hidrojeni yote ya galaksi hiyo. Na watafiti wenyewe, walipofika kwenye swali la nani atakayeipeleka gesi hiyo moja kwa moja, hawakuzitaja supanova. Walisema itaondolewa na mvutano kati ya Wingu Dogo, mwenzake Wingu Kubwa, na Njia Nyeupe. Milipuko inaitoa gesi hadi barazani. Wanaoibeba na kwenda nayo ni majirani.

Basi tuwatazame majirani. Mwaka 1963, huko huko Australia, liligunduliwa daraja la hidrojeni linalounganisha Mawingu mawili. Mwaka 1974 Don Mathewson na wenzake waliutambua na kuupa jina Mkondo wa Magellan, utepe wa gesi unaoyafuata Mawingu nyuma na kuzunguka sehemu kubwa ya anga. Kwa makisio yaliyotolewa mwaka 2014 na Andrew Fox na wenzake, ukijumlisha na gesi ya moto iliyopokonywa elektroni, gesi iliyo nje ya Mawingu inafikia uzito wa jua bilioni 2, zaidi ya hidrojeni iliyobaki ndani ya yote mawili. Mzigo wa namna hiyo haupeperushwi na fataki. Wingu Kubwa, ambalo ni zito zaidi, limekuwa likimvuta mdogo wake katika kila mzunguko. Upande wa karibu huvutwa zaidi kuliko wa mbali, na gesi, iliyo nyepesi kung'oka, hutangulia. Tena Mawingu yote mawili yanakimbia ndani ya gesi moto na nyembamba inayoizunguka Njia Nyeupe, Wingu Kubwa kwa zaidi ya kilomita 300 kwa sekunde, na kila kilicholegea kinasukumwa nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda milipuko hawalipendi. Vipimo vya mwendo wa nyota vinaonyesha kwamba miaka milioni 150 hivi iliyopita Mawingu mawili yaligongana. Gesi inapogongwa hubanwa, ikibanwa huzaa nyota kwa wingi, nyota kubwa zikizaliwa kwa wingi hulipuka kwa wingi. Upepo uliopimwa mwaka 2018 umekuja baada ya mgongano huo. Hata ile milipuko inayotajwa kuwa chanzo, kwa sehemu, ni matokeo ya ugomvi na jirani.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote, hata hivyo, ni wa kikemia. Nyota inayolipuka hutoa oksijeni, salfa, chuma na wenzao, vitu ilivyovipika tumboni. Gesi iliyofukuzwa na supanova inapaswa kutoka na majivu hayo mwilini. Mwaka 2013 Fox na wenzake walitumia Hubble kuutazama mwanga uliopita katikati ya Mkondo, wakakuta sehemu yake kubwa ina sehemu moja tu ya kumi ya majivu yaliyomo kwenye jua letu, pungufu hata ya yaliyomo ndani ya Wingu Dogo leo. Hiyo ni gesi iliyovuliwa zamani, kwa nguvu ya mvutano, kabla haijachafuliwa sana. Ingekuwa imetimuliwa na milipuko ingetoka nyeusi masizi.

Mkondo una uzi wa pili, na huo ndio silaha bora ya wapinzani wangu, sitauficha. Uzi huo una majivu mengi zaidi, karibu nusu ya kiwango cha jua, na David Nidever na wenzake waliufuata mwaka 2008 hadi kwenye eneo la mapovu makubwa ya Wingu Kubwa. Inawezekana kabisa kwamba pale supanova ziliinua gesi kwanza. Ziliinua. Bila Njia Nyeupe na Wingu Dogo kuvuta, ingekwenda wapi kama si kurudi chini? Nakubali vilevile kwamba majivu yenyewe hutoroka kwa urahisi kuliko gesi. Leo P, kijigalaksi kilichojitenga umbali wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 5, kimebakiwa na asilimia 5 hivi tu ya oksijeni yote iliyopikwa na nyota zake. Lakini gesi yake kinayo, na kinazaa nyota hadi leo. Kimepoteza chumvi, ugali upo.

Na hapo kwenye upweke ndipo kesi inapoamuliwa. Kama nyota ndizo zinazoua, basi galaksi kibete ingekufa popote ilipo, yenye jirani na isiyo na jirani, kwa sababu nyota hulipuka popote. Ramani ya anga inasema kinyume. Mwaka 2009 Jana Grcevich na Mary Putman walionyesha kwamba karibu vibete vyote vilivyo ndani ya miaka ya nuru 900,000 hivi kutoka Njia Nyeupe au Andromeda havina gesi, na vya mbali zaidi vinayo. Mawingu ya Magellan yapo ndani ya mpaka na bado yana gesi kwa kuwa ni mazito kuliko wenzao na, kwa ushahidi uliopo, ndiyo kwanza yanafika. Leo T, kijitu cha ajabu chenye nyota chache kuliko hata Draco, kipo nje ya mpaka, na kimeshikilia hidrojeni yake. Mwaka 2012 Marla Geha na wenzake wakapekua maelfu ya galaksi kibete zenye nyota za uzito wa jua milioni 10 hadi bilioni moja: zilizoacha kuzaa nyota zote zilikuwa ndani ya miaka ya nuru milioni 5 hivi kutoka kwa galaksi kubwa. Kati ya zilizo pweke, walizokadiria kuwa zimeacha kuzaa hazifiki hata moja kwa elfu. Tangu hapo zimepatikana chache za kipekee, na zile ndogo kabisa zina kesi yao tofauti, maana joto la mwanga wa nyota za kwanza za ulimwengu lilizikausha mapema. Haya hayaiokoi hukumu ya zamani. Muuaji anayeua tu pale tajiri anapoishi karibu si yule aliyetajwa.

Kwa nini basi hadithi ya kujiua inaendelea kupendwa? Kwa sababu mlipuko una picha nzuri. Galaksi ya M82 ikitema moto mwekundu juu na chini inapendeza kwenye jalada la gazeti. Mvutano hauna rangi, na gesi nyembamba ya Njia Nyeupe haipigiki picha. Nashuku pia kuna raha fulani katika kumwambia mdogo kwamba umaskini wake ameuleta mwenyewe. Sisi wa nchi ndogo zilizopakana na wakubwa tunaujua wimbo huo vizuri, na lilikuwa jambo la kushangaza kutukuta tunauimba kwa bidii pale uliposemwa juu ya galaksi.

Wanaoishikilia hukumu ile wana njia moja ya kunishinda: walete galaksi kibete za uzito wa Wingu Dogo, zilizo peke yake, zilizokauka, si mbili wala tatu bali za kutosha kuwa kanuni. Mpaka zitakapoletwa, mwalimu na mwandishi wa Kiswahili aandike kwamba Wingu Dogo linanyang'anywa, na awataje wanaolinyang'anya: Wingu Kubwa, na Njia Nyeupe, galaksi yetu sisi wenyewe.